Matanga Yangu Yalinunua Vitanda

Niliporudi kutoka Kampala mwaka wa sabini na nne, kichwa kimenyolewa na mshono umepinda kutoka juu ya sikio la kushoto hadi kisogoni, watu wa soko la Arua waliacha kubishana nami bei. Naliweka hili mwanzo kwa sababu wengi hudhani jambo baya kuliko yote kwa mtu aliyepasuliwa kichwa ni maumivu. Maumivu yana vidonge. Kwa mteja anayekulipa bila kubisha hakuna dawa.

Nimekuwa muuzaji tangu nikiwa na nguvu za kubeba kapu. Baba yangu alivuka kutoka Kongo na baiskeli na gunia la chumvi, akauza chumvi, akanunua gunia lingine, na hiyo ndiyo shule niliyosoma. Pale kwetu, ukinitajia bei nami nikailipa bila neno, nimekutukana. Nimekuambia hujui kuuza, na zaidi ya hapo nimekuambia sina haja ya kusimama nawe hata dakika moja. Bei hutajwa ili ikataliwe. Mnunuzi anashika kitambaa, anakunja uso, anasema kimepauka. Unamwambia macho yake ndiyo yamepauka. Anaondoka, unamwacha aende, unamwita. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyosalimiana sokoni.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa kuona mbili. Nilitazama meza yangu nikaona vitenge mara mbili ya vile nilivyonunua ng'ambo ya mpaka. Mfanyabiashara mwingine angeshukuru Mungu na kunyamaza. Mimi nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena, kwa sababu kila kitu nakihesabu mara mbili tangu utoto, na vidole vikakataa kukubaliana na macho. Nikajua mmoja wao ananidanganya. Kisha kichwa kikaanza kuuma kila alfajiri, nikawa natapika kabla ya chai, na siku nilipokwenda Ludara, kijijini karibu na Koboko, kumsalimia kaka yangu mkubwa, nikaanguka katikati ya ua wake.

Walinipeleka Koboko kwa baiskeli, nimefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mpwa wangu. Kwenye nyumba ya wagonjwa nililazwa chini, juu ya mkeka, kati ya mama aliyekuwa na homa na mama aliyekuwa amejifungua. Mbele yangu palikuwa na mlango wa chumba kipya. Kilikuwa na kuta zilizopakwa chokaa, madirisha, sakafu ya saruji, na kufuli. Niliuliza kwa nini tunalala nje ya chumba. Nikaambiwa chumba hakina vitanda, na bila vitanda hakiwezi kuitwa wodi, na kwa kuwa si wodi hakiwezi kulaza wagonjwa. Nilikuwa naumwa kichwa kiasi cha kutapika nyongo, lakini hata hivyo niliona kwamba hesabu hiyo ilifanywa na mtu asiye na mgonjwa.

Koboko wakanituma Kampala, na huko walinipiga picha, wakaona uvimbe, wakapasua, wakautoa. Daktari aliniambia ulikuwa mkubwa kama yai la kanga. Nilitaka kumwuliza kama aliupima au alikisia, lakini maneno yalikuwa bado hayajarudi yote. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hupenda mambo yawe na kipimo, alimkuta askari anayekwenda likizo Koboko, akampa ujumbe kwa kaka: wamempasua kichwa, wametoa kitu, tunangoja.

Askari yule aliufikisha ujumbe neno kwa neno. Simlaumu. Kaka alikaa nao usiku mzima. Yeye ni mtu wa mifugo, amechinja wanyama wengi maishani, na hajawahi kuona hata mmoja aliyefunguliwa fuvu akasimama tena. Asubuhi akatangaza matanga.

Nilipopata nguvu ya kupanda basi nilirudi Arua, na kabla sijarudi kwenye meza yangu sokoni mume wangu akasema ni heshima kwenda Ludara kuwashukuru ndugu. Tulifika mchana. Mke wa kaka alikuwa anaanua muhogo. Nilikitambua kitenge kabla ya kumtambua yeye: cha bluu, chenye ndege wa njano, nilichokuwa nimekiweka kwenye sanduku nililomwachia kaka anitunzie. Aliponiona hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akakishika kile kitenge kiunoni kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na alikuwa na sababu.

Kaka alitoka ndani. Kisha akanisogelea akanigusa bega, mkono, bega jingine.

"Dada," akasema, "tulikulilia vizuri sana."

Nikamwambia nashukuru.

"Watu ilikuwa mingi. Mpaka watu wa Kuluba walikuja. Wa Abuku walikuja. Tulichinja."

Nikauliza walichinja nini. Hapo akaanza kuangalia zizi. Nilikuwa nimeweka kwake mbuzi wawili, majike, wazima, wa kuzaa. Watu wa Kuluba walikula mbuzi wangu. Watu wa Abuku walikula mbuzi wangu. Mimi peke yangu, mwenye matanga na mwenye mbuzi, sikupata hata mchuzi.

Lakini mbuzi si kitu mbele ya ule mchango. Kwenye matanga yetu bakuli hupitishwa, na kila anayekuja kulia hutia chochote, ili wafiwa wasilie na njaa. Bakuli langu lilijaa. Nililiona: pesa zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya boriti, na hakuna mtu aliyezigusa tangu habari zilipofika kwamba marehemu ameonekana akinunua ndizi Arua. Kuzirudisha haikuwezekana. Pesa iliyotolewa kwa ajili ya kifo ikirudi mkononi mwa aliyeitoa, wazee walisema, kifo kinarudi nayo, kinatafuta nyumba. Kuzila haikuwezekana pia, kwa sababu mimi nilikuwa hai. Nilipendekeza nipewe mimi, kwa kuwa zilikuwa zangu kwa kila njia. Wazee walinitazama kwa huruma. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona huruma hiyo, na sikujua bado kwamba ingenifuata hadi mezani kwangu.

Aliyelimaliza jambo hilo alikuwa sajenti mmoja mstaafu wa Koboko, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikitafuta vitanda vya kile chumba chenye kufuli. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na muhuri. Pesa ndiyo ilikuwa haijapata. Alikuja na kofia yake ya zamani, akasikiliza pande zote, akanyoosha mkono.

"Leteni hapa," akasema. "Hospitali hapana ogopa pesa ya matanga."

Basi mchango wa vitanda vya Koboko ulianza kwa pesa za kifo changu. Nilizihesabu kabla hajaondoka nazo. Alingoja. Nilipoanza kuzihesabu mara ya pili, mke wa kaka akamnong'oneza kaka, nami nikasikia: masikini, hata kuhesabu imekuwa taabu.

Nilikasirika hadi mshono ukanidunda. Nimehesabu mara mbili maisha yangu yote! Nilikuwa nahesabu mara mbili walipokuwa wananiogopa kwa hilo.

Sokoni ndiko nilikojua ukubwa wa hasara. Meza yangu ilikuwepo, mume wangu alikuwa ameilinda kwa kuweka cherehani yake juu yake. Siku ya kwanza mama mmoja aliuliza bei ya kitenge. Nikasema shilingi tisini, nikiwa tayari kushuka hadi sitini baada ya mapambano. Akafungua fundo la leso, akatoa tisini, akasema, "Pole, mama," akaenda. Nilibaki na pesa mkononi kama mtu aliyepigwa kofi.

Siku iliyofuata nilisema mia na ishirini kwa kitenge kilekile. Nikalipwa. Mwisho wa wiki nilimtajia mwanamume mmoja mia mbili, bei ya wazimu, hata kwa miaka ile ambapo maduka ya Wahindi yalikuwa yamegawiwa watu wasiojua kuagiza hata sindano na kila kitu kilipita mpakani kwa kificho. Hakubisha. Alimtazama jirani yangu muuza samaki, jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko, na yule bwana akakirudisha kitenge taratibu, akakinyoosha, akaondoka kama anayetoka mazishini.

Jirani yangu huyo ni mwanamke wa Kongo, rafiki wa kweli, na samaki wake wa moshi wamenukia kwenye vitenge vyangu kwa miaka mingi bila malipo. Nilimgeukia nikamwuliza anawaambia nini wateja wangu.

"Nasema wasikusumbue. Mutu wamefungua kichwa, mutu hapana gombana naye."

"Na wakikosa kugombana nami, nitauza vipi?"

"Si wanalipa?"

"Wanalipa kama wanaweka kwenye bakuli."

Alipanga samaki wake upya. Nilijua hakuelewa, na nilijua pia kwamba alikuwa akinipenda. Hivyo viwili vikikutana ni vigumu kupigana navyo.

Sitadanganya kwamba nilikuwa mzima kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala nusu. Ungeweza kubana kitambaa lakini si kushika sarafu, na ilinibidi nirudishe chenji kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni dharau tupu, dharau ambayo zamani ingeniletea maneno makali papo hapo. Sasa hakuna aliyesema kitu. Walipokea pesa za mkono wa kushoto kwa upole. Na mara nyingine, katikati ya sentensi, neno lilikuwa linaondoka. Si kusahau. Lilikuwa limesimama hapo, halafu mahali pake pakawa pakavu. Mara nyingi lilikuwa jina la kitu. Niliogopa siku litakapokuwa namba, kwa sababu namba zikiondoka, basi wale watu wa Ludara hawakuwa wamekosea, walikuwa wamewahi tu.

Sajenti alinifuata Arua. Kamati imepanga siku kubwa ya mchango, alisema, uwanja wa mpira wa Koboko, Jumamosi, Waislamu na Wakristo pamoja, mnada wa mazao, nami nitakuwa mgeni wa heshima. Nikauliza mgeni wa heshima anafanya nini. Anakaa mbele, akasema. Nikauliza anakaa mbele akifanya nini. Akavua kofia, akaitazama ndani.

"Unatoa kitambaa ya kichwa. Watu naona. Mtu akiona ile kitu, mkono inaingia mfukoni peke yake."

Nilimwambia kwamba hata kuku sokoni, mtu akitaka kupapasa kifua chake huuliza bei kwanza. Akasema si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wagonjwa. Nikakumbuka ule mkeka, na yule mama aliyejifungua, aliyekuwa amemlaza mtoto juu ya tumbo lake ili asiguse saruji. Nilisema nitakuja. Kuhusu kitambaa sikusema neno, na yeye, kama wanunuzi wengi wabovu, alidhani kimya ni kukubali.

Siku yenyewe nilikaa mbele, kwenye kiti cha mbao, karibu na meza ya mazao. Palikuwa na simsim, yaani ufuta, muhogo mkavu, mafungu ya tumbaku, asali kwenye kibuyu, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mnada wa namna hii una desturi yake. Anayemnunua jogoo haendi naye nyumbani. Anamrudisha mezani ili auzwe tena, na tena, na jogoo mmoja mwenye bahati anaweza kununuliwa na nusu ya mji na bado akalala bandani kwake. Lakini mnada huo unataka mtu anayejua kuuza.

Sajenti alimwinua jogoo. Mkubwa mmoja aliyekuwa amekaa kivulini, mwenye gari na mwenye ndugu wengi jeshini, akasema shilingi ishirini. Sajenti akapiga saluti. Akasema asante mkubwa, akaandika, akamweka jogoo chini. Hakuna aliyethubutu kuongeza juu ya sauti ya mkubwa, na yeye mwenyewe hakuombwa aongeze. Shilingi ishirini, pauni moja tu, kwa jogoo mzima! Simsim ikaenda hivyohivyo. Kibuyu cha asali kikaenda kwa bei ambayo nyuki wangelia. Watu walikuwa na pesa, niliwaona wakizigusa kupitia nguo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwabishia.

Sajenti alipoona mambo yamepoa akanigeukia. Akaueleza uwanja mzima kwamba huyu hapa ndiye aliyepasuliwa kichwa, ambaye Ludara walimlilia, kisha akaniinamia.

"Sista, toa kitambaa. Watu waone."

Watu wa nyuma wakasimama kwa ncha za vidole. Nilimwona kaka yangu kati yao, na mke wake, na kitenge changu cha bluu. Nikasimama. Sikukigusa kitambaa. Nilimchukua jogoo kwa mkono wa kushoto, nikatembea hadi kivulini kwa yule mkubwa.

"Mkubwa," nikamwambia, "ishirini ni ya mkia. Jogoo mzima unampa ngapi?"

Hiyo haikuwa miaka ya kumsemesha mtu wa namna ile hivyo. Nilijua, na mume wangu alijua zaidi, maana nilimsikia nyuma yangu akikohoa kikohozi chake cha hofu. Mkubwa alinitazama, akamtazama jogoo, akatazama mkono niliomshikia. Akasema thelathini.

Nikamgeukia muuza asali mmoja aliyekuwa karibu na meza. Akasema arobaini, kwa sauti ndogo. Nikamwuliza kama amesema yeye au jogoo. Watu wakacheka, na walipocheka, woga ukapungua. Mtu wa tumbaku akasema arobaini na tano. Mwalimu mmoja akasema hamsini. Mkubwa akasema hamsini na tano bila kuulizwa. Nami nikafungua mdomo kuitaja bei mpya, na haikuwepo.

Namba ilikuwa imeondoka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa Koboko, jogoo mkononi, na pale penye namba palikuwa pakavu. Sajenti aliinua kichwa. Kaka akaanza kusogea mbele, kama anayekwenda kumshika mtu anayeanguka.

Basi nikafanya ninachofanya siku zote. Nikahesabu tena kutoka mwanzo. Nikarudi kwa mkubwa nikasema, ishirini zako za kwanza, thelathini zako za pili. Nikamwonyesha muuza asali, arobaini zako. Mtu wa tumbaku, arobaini na tano. Mwalimu, hamsini. Nilipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani, na nilipofika kwa mkubwa mara nyingine namba ilikuwa imerudi, imekaa mahali pake kana kwamba haikutoka.

"Hamsini na tano," nikasema. "Naona aibu kumrudia jogoo nimwambie."

Wakadhani ni ufundi. Kila mmoja, aliposikia kiasi chake kinasomwa hadharani, alijiona mdogo, na mikono ikaingia mfukoni peke yake, jinsi sajenti alivyosema, isipokuwa bila kuona kitu. Sitini. Sabini. Nikawa nahesabu tena kila baada ya bei tatu, kwa usalama wangu, na kila nilipohesabu wakaongeza. Ilipofika mia na kumi mkubwa alisimama kutoka kivulini.

"Wewe mwanamke, huyu kuku iko na nini? Anataga ng'ombe?"

"Jogoo hatagi, mkubwa. Ungekuwa mnunuzi ungejua."

"Mia na kumi ni wizi."

"Basi sema mia na ishirini, tuibiwe wote."

Alinibishia. Alisema jogoo ana jicho moja bovu. Nikasema anaona hospitali kwa lile jingine. Alisema manyoya yamenyonyoka. Nikasema apewe muda, hata mimi nywele zangu zinaota. Alinibishia kwa hasira, kwa sauti, kama mtu na mtu, mpaka akalipa mia na thelathini, akamrudisha jogoo mezani kwa desturi, nami nikaanza kumuuza upya. Tangu Kampala nilikuwa sijabishiwa hivyo. Niliinamisha uso, nikajifanya napambana na mabawa ya jogoo.

Jioni vitanda vilikuwa vimepatikana, vyote vilivyotakiwa, na magodoro. Sajenti alihesabu, nami nikahesabu baada yake, mara mbili. Kijana mmoja akasema, mbele ya wote, kwamba hawajaonyeshwa kichwa. Nilimwambia hakimo kwenye mnada. Sajenti alitazama kofia yake. Kaka alisimama pembeni akitaka kusema jambo, akasema tu kwamba wale mbuzi atawalipa. Hajawalipa hadi leo.

Jumanne nilikuwa mezani kwangu Arua. Alikuja mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akashika kitenge cha kijani, akakinusa, akauliza bei. Nikasema tisini. Nilimwona jirani yangu akivuta pumzi atikise kichwa, na kabla hajatikisa, yule mwanamke akakitupa kitenge mezani.

"Tisini? Na inanuka samaki? Mimi nakujua wewe. Wewe ndiyo uliuza jogoo ya Koboko. Mama, wewe iko mwizi."

Nikamwambia apeleke mikono yake kwingine basi. Akaniambia arobaini. Nikamwuliza kama anataka pindo tu. Akaondoka, nikamwacha afike kwenye meza za nyanya, nikamwita. Tulimalizana kwa sitini na mbili, baada ya kuchafuliana jina la kutosha. Alinipa noti, nikamrudishia chenji kwa mkono wa kushoto.

Aliutazama ule mkono. Kisha akanitazama mimi, akakunja uso.

"Na adabu ulimwachia nani? Unanipa pesa na mkono ya kushoto?"

Muuza samaki aliinuka kunitetea. Nikamzuia. Nikaweka chenji mezani, nikaomba radhi kama inavyotakiwa, nikaisukuma kwa vidole vya mkono wa kulia vilivyolala, sarafu moja baada ya nyingine, huku yeye amesimama anangoja, amekasirika, hana huruma hata kidogo.